Jibu: Kwa nini ukijikwaa maumivu huja mara mbili

Ndugu, umeuliza kwa nini ukijikwaa kidole cha mguu unasikia kwanza mchomo mkali, kisha baada ya kitambo maumivu mazito yanayofukuta.

Seli ya neva ina kiwiliwili chenye kiini, na mkia mrefu uitwao aksoni. Seli inayoleta habari za kidole ina kiwiliwili chake kando ya uti wa mgongo, na aksoni yake inafika hadi kidoleni, karibu mita 1 kwa mtu mzima. Seli moja tu hiyo! Baadhi ya aksoni za maumivu zimeviringishiwa tabaka za mafuta ziitwazo mailini, kazi ya seli saidizi za Schwann. Hizo hupitisha ishara kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Ndiyo mchomo wa kwanza. Zisizo na mailini hujikokota, kama mita 1 kwa sekunde, na ndizo zinazoleta yale maumivu mazito ya pili.

Seli hizo za Schwann ndizo zinazoshambuliwa na bakteria wa ukoma, na neva huharibika, ndiyo maana mgonjwa aliyechelewa kutibiwa anaweza kuungua asihisi. Ukiona baka lisilo na hisia kwenye ngozi, wahi hospitali. Ukoma unatibika kwa dawa.