Maswali Yenu: Lebo inayobanduka, boksi linalofumuka

Barua nyingi mwezi huu zimehusu mishumaa ya manukato, na karibu zote zinauliza urembo wa kifungashio. Tutawajibu, lakini katika majibu mengi mtaona tunaanzia ndani ya glasi. Lebo na boksi havichorwi mpaka mshumaa wenyewe umewashwa, umepimwa na umejulikana tabia yake.

Pembe za lebo zinanyanyuka

*Natengeneza mishumaa ya nta ya soya na mafuta ya mchaichai, kwenye glasi. Lebo nachapa nyumbani kwa printa ya wino. Baada ya wiki mbili dukani pembe zinanyanyuka, karatasi inaota madoa kama ya karatasi ya maandazi, na maandishi yanachuruzika. Je, gundi ni mbovu?* (Msomaji, Tanga)

Gundi inasingiziwa. Matatizo yako ni matatu, na kila moja lina chanzo chake.

Madoa yanatokana na karatasi ya kawaida kunyonya mafuta. Wakati wa kumimina, tone moja likiteleza nje ya glasi linatosha, na vidole vya aliyekuwa anachanganya mafuta hukamilisha kazi. Wino wa printa ya nyumbani nao huyeyuka ukiguswa na mafuta ya kunukia. Hamia kwenye stika ya polipropileni, ile inayofanana na karatasi lakini haichaniki kwa mkono, yenye gundi ya kudumu, ichapwe kwa leza au kiwandani na kufunikwa kwa laminesheni (utando mwembamba wa plastiki). Kabla ya kuagiza nyingi, omba stika moja ya mfano. Paka juu yake tone la mafuta yako ya mchaichai, iache saa 24, kisha futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi, usiinunue.

Pembe kunyanyuka ni suala la uso wa glasi. Futa kila glasi kwa spiriti (alkoholi ya asilimia 70 au zaidi), iache ikauke, ndipo ubandike. Anza katikati, sukuma kuelekea kingo kwa kitambaa kikavu, usiache pumzi ya hewa. Usibandike glasi ikiwa bado ya moto kutokana na nta, wala ikiwa imetoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Tanga, maana itatoka jasho usiloliona. Ziache saa 24 kabla ya kuzitia kwenye maboksi. Kama glasi yako ni pana juu na nyembamba chini, lebo ya mstatili inayozunguka kote itakunjamana tu. Punguza lebo iwe ya mbele peke yake, upana usizidi theluthi moja ya mzunguko.

Halafu washa mshumaa mmoja wenye lebo kwa saa 4 mfululizo. Glasi ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika, hapo hakuna stika itakayokusaidia: utambi ni mnene mno kwa chombo hicho. Shuka saizi moja, rudia jaribio. Wengi huchapa lebo 1,000 kwanza, kisha hubadilisha utambi, na muda wa kuwaka walioandika unakuwa uongo.

Gramu ngapi, saa ngapi?

*Kwenye lebo niandike nini hasa? Glasi yangu ni ya mililita 300, nilitaka kuandika gramu 300. Na wenzangu wanaandika "huwaka saa 50". Wanazipataje?* (Msomaji, Mombasa)

Usiandike 300. Mililita ni ujazo wa glasi hadi mdomoni, nawe hujazi hadi mdomoni; tena nta ya soya ni nyepesi kuliko maji. Ukijaza mililita 240 utapata takriban gramu 210. Uzito wa kuandika ni wa nta pamoja na mafuta tu: gramu 200 za nta na gramu 12 za mafuta (asilimia 6 ya uzito wa nta) ni gramu 212. Glasi na kifuniko havihesabiwi.

Saa 50 wengi wanaziokota. Zako zipime hivi. Weka mshumaa kwenye mizani, uwashe saa 4, uzime, uache upoe, upime tena. Tuseme umepungua gramu 22. Basi unakula gramu 5.5 kwa saa. Sasa toa nta ya chini isiyotakiwa kuwashwa, ile ya milimita 12 za mwisho, kwa sababu moto ukifika kitakoni glasi inaweza kupasuka. Kwenye glasi yenye upana wa ndani wa milimita 74, hiyo ni kama gramu 45. Zinabaki 167, ugawe kwa 5.5: saa 30. Andika "takriban saa 30". Pima mishumaa mitatu, si mmoja, na urudie kwa kila harufu, kwani mafuta tofauti hubadilisha mwendo wa moto.

Mbali na uzito na saa, mnunuzi anahitaji jina la bidhaa, aina ya nta, harufu, jina na mawasiliano yako, nchi ulikotengenezea, na namba ya toleo. Namba ya toleo inaweza kuwa tarehe tu ya kumimina. Siku glasi za shehena moja zitakapopasuka, utajua zipi za kuzirudisha. Mashirika ya viwango, yaani KEBS huko kwenu Kenya, TBS Tanzania Bara na ZBS Zanzibar, ndio wa kuwauliza masharti ya viwango kabla hujapeleka faili kwa mchapaji. Wachapaji hawarudishi pesa kwa sababu ulisahau mstari.

Maonyo yaende kwenye stika ya kitako, herufi zisiwe ndogo hadi mtu atafute miwani. Maneno yanayotosha: *Usiuache ukiwaka bila mtu. Weka mbali na watoto, wanyama na pazia. Kata utambi ubaki milimita 5 kila kabla ya kuwasha. Usizidishe saa 4 kwa mara moja. Acha kuwasha nta ikibaki milimita 12.* Lakini kuna sentensi moja isiyofaa kufichwa kitakoni. Iweke juu, kwenye kifuniko au kadi: *Mara ya kwanza, uache uwake mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni.* Kwa glasi ya upana huo ni kama saa 3. Mteja akiuzima baada ya nusu saa, mshumaa unachimba shimo katikati, nta ya pembeni haiyeyuki tena, na lawama zinakuja kwako.

Harufu nne, sura moja

*Nina karafuu, mdalasini, mchaichai na langilangi. Kila moja niliichorea lebo yake, nzuri kweli, lakini rafu ya duka inaonekana kama ya watengenezaji wanne.* (Msomaji, Chake Chake)

Wewe uko Pemba, na mfumo unaouhitaji umekwishauvaa. Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo linazunguka, mji ndio mchoro wa katikati, jina ni ule mstari wa maneno. Fanya lebo hivyohivyo. Pindo na mahali pa jina visibadilike kamwe, hata kwa milimita. Mji ndio ubadilike: kichala cha karafuu, gome la mdalasini lililojikunja, jani la mchaichai, ua la langilangi. Kila harufu ipewe rangi moja tu ya mji. Mtu aliye hatua tatu kutoka kwenye rafu aone ukoo mmoja, akisogea ndipo amtambue kila mtoto. Ila chora pindo lako mwenyewe. Michoro ya kanga inayouzwa dukani ina wenyewe.

Njia hii inapunguza gharama pia. Chapa pindo na nembo kwa wingi kwenye karatasi moja ya pamoja, kisha mji na jina viongezwe kidogokidogo kadiri ya mauzo. Harufu isiyouzika haitakuachia lebo 800 stoo. Mpe mchapaji faili lenye milimita 3 za ziada kila upande, na maandishi yote yakae ndani milimita 3 kutoka ukingoni, kwani kisu cha kukatia huyumba. Dai karatasi ya mfano iliyochapwa. Rangi ya kwenye simu na ya kwenye stika haijawahi kuwa moja.

Tahadhari moja ya rangi: vanila huifanya nta kuwa kahawia, na mafuta ya karafuu nayo hukolea yakikaa. Ukichagua glasi angavu na lebo nyeupe kabisa, baada ya mwezi nta itaonekana chafu. Glasi ya rangi au iliyotiwa ukungu inasitiri hilo, na inasitiri pia yale mabaka yanayoonekana kama unyevu, ambayo kwa kweli ni nta iliyoachana na glasi baada ya kupoa.

Kuhusu jina la harufu, sema kweli. Mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) si mafuta ya ua la karafuu, hata kama yote yanaitwa ya karafuu. Bei na harufu zake hazilingani. Na ukitumia manukato ya maabara andika "harufu ya langilangi", usiandike "mafuta ya langilangi". Nyeusi na dhahabu, tafadhali, waachieni wengine. Zimechosha.

Naweza kuandika "hutibu kukosa usingizi"? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Neno "hutibu" linaigeuza bidhaa yako kuwa dawa mbele ya sheria, na dawa ina mlango wake wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. "Hufukuza mbu" nalo linakuingiza kwenye mambo ya viuatilifu. Eleza wakati na hali: "kwa jioni tulivu", "kwa kuoga baada ya kazi". Inauza vilevile.

Glasi zinafika zimevunjika

*Natuma Dar kwa basi. Katika kila 12 zinavunjika 2 au 3, na nyingine zinachungulia chini ya boksi.* (Msomaji, Mwanza)

Glasi tupu gramu 300, nta 212, kifuniko 40: zaidi ya nusu kilo imesimama juu ya kadi. Kadi ya gramu 350 kwa mita mraba inapendeza kwa sabuni, lakini kwa mzigo huu kitako kinachofungwa kwa kuchomeka ulimi wa kadi kinafumuka. Agiza boksi la kadi yenye mawimbi membamba, unene wa kama milimita 1.5, na kitako kinachojifunga chenyewe likifunguliwa. Kwa chombo cha kipenyo cha milimita 80 na urefu wa 90 pamoja na kifuniko, vipimo vya *ndani* viwe 82 × 82 × 92. Sisitiza neno "ndani", kwa sababu mafundi wengi hupima nje. Milimita 2 za nafasi zinatosha. Zikizidi, glasi inapata mwendo, na mwendo ndio unaovunja.

Katoni la nje liwe la tabaka tano, mishumaa 12 kwa mpangilio wa 4 × 3, safu moja, na vigawanyo katikati. Litakuwa karibu kilo 7, uzito ambao mpagazi hautupi ovyo. Litikise: ukisikia kitu, jaza karatasi za kaki zilizokatwakatwa. Magazeti yanachafua lebo. Plastiki nyeupe ya povu iepuke kabisa kama una mafuta ya machungwa au ndimu. Mafuta hayo huiyeyusha. Sasa liangushe kutoka urefu wa mita 1, kwa kila upande na kwa pembe moja. Fungua, hesabu. Ni afadhali uvunje zako mwenyewe kabla ya utingo.

Joto la buti la basi ni jambo lingine. Nta nyingi za soya za kwenye vyombo huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 52, na hulainika mapema zaidi. Weka duara la karatasi ngumu juu ya nta, chini ya kifuniko, na utume kwa basi la usiku.

Vifuu vya nazi badala ya glasi? (Msomaji, Bagamoyo)

Kifuu kina macho yanayovuja na kinashika moto. Kiwe vazi la nje tu. Ndani weka kopo la bati.

Nembo na msimbo wa mistari

*Nina duka Unguja na wakala Dar. Nisajili wapi jina langu, na ule msimbo wa kuskeni nao nauhitaji?* (Msomaji, Unguja)

Jina lisajili kama alama ya biashara kotekote, kwa wakala wa usajili wa kila upande: BPRA kwa Zanzibar, BRELA kwa Bara. Usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili. Alama za biashara husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na mishumaa iko daraja la 4. Ukipanga kuuza pia mafuta ya kunukia au ubani, ongeza daraja la 3 mapema. Fanya utafutaji wa jina *kabla* ya kuchapa.

Msimbo utauhitaji supamaketi zikianza kukuagiza. Unatolewa na GS1, shirika la kimataifa la misimbo hiyo, na namba za Tanzania huanza na 620. Kila harufu na kila saizi ina namba yake, hivyo harufu nne kwa saizi mbili ni namba nane. Saizi kamili ni kama milimita 37 × 26, usishuke chini ya asilimia 80 yake. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu haziioni. Kwenye boksi la kaki weka kiraka cheupe nyuma yake. Ukilazimika kuubandika kwenye glasi ya mviringo, ugeuze mistari ilale kama vidato vya ngazi, la sivyo mkunjo wa glasi utaificha ya pembeni.