Ukikabidhiwa mwanafunzi wa uhandisi kwenye karakana ya boti Lamu

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeshuka gatini Lamu kuja kufanya mafunzo ya vitendo huwa na hesabu tele kichwani, ila bolti alizozikaza mwenyewe zinahesabika. Wewe unayemsimamia kwa mara ya kwanza, usihangaike kumfundisha kufungua mashine. Hilo atalipata kwa fundi yeyote ndani ya wiki mbili. Mzoeze kuandika anachotarajia kukikuta kabla hajashika spana.

Chukua gia boksi ya mashine ya boti. Oili imetoka nyeupe kama maziwa, na mwanafunzi yuko mbioni kutia nyingine. Mzuie. Muulize maji yamepitia wapi, aandike njia anazozishuku: sili (mpira wa kuzuia maji) ya shafti ya propela, sili ya shafti ya wima, washa ya skrubu ya kumwagia oili. Hapo ndipo avue propela. Boti zetu hupita penye mishipi na nyavu, kwa hiyo mara nyingi atakuta uzi wa nailoni umejisokota nyuma ya propela na kukata mdomo wa sili. Akitia oili mpya bila kuuona uzi, boti itarudi na maziwa yaleyale. Oili nayo hujazwa kwa tundu la chini mpaka itokee la juu. Asikujibu kwamba kitabu kimesema hivyo. Akueleze hewa ingenaswa wapi kama angejazia juu.

Upozaji ni somo la kila siku hapa. Mashine ikipita kwenye fungu maji yakiwa yamekupwa, huvuta mchanga, na mchanga hukwaruza mabawa ya mpira ya pampu ya maji. Ikiwashwa nchi kavu bila maji, hata kwa muda mfupi, mabawa hayo huungua. Dalili ni mkondo dhaifu kwenye kitundu cha kutolea maji kando ya mashine. Lakini mkondo dhaifu unaweza pia kuwa kitundu chenyewe kimezibwa na chumvi, basi aanze kwa kukizibua kwa waya mwembamba, kazi ya dakika moja, kabla ya kushusha mguu mzima, yaani sehemu ya chini ya mashine. Kila jioni mashine isukutuliwe kwenye pipa la maji matamu kwa dakika 10 hivi, gia ikiwa huru. Maji ya mji huu yanatoka visimani chini ya matuta ya mchanga ya Shela, wala si ya kuchezea. Pipa moja litumike kwa mashine kadhaa, ila libadilishwe maji yakianza kukolea chumvi.

Hesabu za darasani zisiachwe chuoni. Mpe mashine ya nguvu farasi 40, yaani kama kilowati 30. Tuseme kwa kasi ya mwisho inakula lita 18 za petroli kwa saa. Lita moja ina nishati ya takriban megajuli 32, kwa hiyo inayoingia ni kilowati 160, na inayofika kwenye shafti haizidi asilimia 19. Nyingine imekwenda wapi? Atataja joto la moshi na la maji ya kupozea, kisha atakwama. Kwenye injini ya mipigo miwili yenye kabureta, sehemu ya mafuta mabichi hutoroka na moshi kabla ya kuungua. Mpeleke akaangalie utando wa rangi juu ya maji nyuma ya boti. Akishauona, mwachie mwenyewe kuchanganya mafuta kwa 50 kwa 1 ikiwa ndivyo mwongozo wa mashine hiyo unavyotaka: lita 25 za petroli, mililita 500 za oili.

Kwenye vipimo uwe mkali, hata wakikuona mkorofi. Mwanafunzi ataleta kipenyo cha silinda "80.023" alichokisoma kwa vania, kipimo cha mkono ambacho mgawanyo wake mdogo kabisa ni milimita 0.02. Ile 3 ya mwisho kaibuni. Mrudishe kwa mikromita na geji ya silinda, apime juu, kati na chini, kila mahali mara mbili kwa njia panda. Vipimo sita, hapo ataona kama silinda imepanuka upande mmoja.

Fundi mzee anayesikiliza mlio na kusema "silinda ya chini imechoka" asidharauliwe. Mwanafunzi amuamkie, aandike neno lake, kisha apime mgandamizo: plagi zote nje, kabureta wazi kabisa, waya za plagi zimegusishwa kwenye chuma cha injini ili cheche isiwashe mvuke wa petroli. Silinda mbili zikipishana zaidi ya asilimia 15, mzee ana hoja.

Ratiba ifuate bahari. Kwenye wiki 12 za mafunzo kuna bamvua tano au sita, yaani vipindi vya maji kujaa na kupwa sana, na hizo ndizo siku za kupweleza boti kubwa na kufanya kazi chini yake maji yakitoka. Ukipanga kazi hiyo siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, mtashinda kivulini mkitazamana.

Kila Alhamisi lisome daftari lake. Ukurasa ulioandikwa "tulitengeneza injini" usiutilie sahihi. Uwe na alichodhani, alichopima, alichokikuta, na pale alipokosea asipafute.