Kompyuta ya kuhariri video: nguvu nyingi, kelele kidogo

SWALI: Nahariri video za harusi na mahojiano, zote za 4K, kutoka kwenye kamera inayorekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2. Sauti ya msimulizi nairekodi chumba hicho hicho, na kompyuta niliyonayo inavuma mpaka maikrofoni inaidaka. Nataka kuunda mpya. Nimefikiria prosesa kubwa kuliko zote, kipoozeo cha maji, na kesi iliyofungwa pande zote na kutandikwa sifongo la kuzuia sauti. Niko sawa?

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vizuri sana kutaja aina ya mafaili yako. Wengi huniuliza wanunue prosesa gani bila kuniambia kamera yao inarekodi nini, na kwa kazi kama yako jibu liko hapo hapo.

H.265 (njia ya kubana video) ya 4:2:2 (inayobakiza rangi nyingi zaidi) ni nzito kuisimbua, yaani kuifungua ili ionekane. Chipu isiyo na kitengo maalumu cha kusimbua aina hiyo huutupa mzigo wote kwenye viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu. Unagusa tu taimlaini, picha inakwama, prosesa inachemka, feni zinapandisha. Hata prosesa ghali kuliko zote itatoka jasho hapo, kwa hiyo kuanza na ukubwa wa prosesa ni kuanzia mwisho. Uliza kwanza: nani atazisimbua video zangu? Prosesa za Intel zenye chipu ya picha ndani yake zina Quick Sync, kitengo cha kusimbua video, ambacho tangu kizazi cha 11 kinaisoma H.265 ya biti 10, 4:2:2, bila kuvisumbua viini. Angalia sana herufi F mwishoni mwa jina la prosesa: ukiiona, chipu ya picha haimo, na Quick Sync haimo pia. Upande wa kadi za picha za GeForce, za Nvidia, RTX 30 na RTX 40 hazikuwa na uwezo huo. Umekuja na RTX 50.

Mimi ningekuchukulia prosesa ya Intel Core Ultra 7 265K. Ina viini 20, inatosha kabisa. Ila ikiachiwa yenyewe inaweza kuvuta hadi wati 250. Ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, uifungie kwenye wati 125. Video itachukua muda kidogo zaidi kutoka, lakini joto la kuondoa linapungua nusu, na kila wati usiyoichoma ni upepo ambao feni haitalazimika kuusukuma. Hakuna kifaa cha dukani kitakachokupa kimya kwa urahisi kama mpangilio huo mmoja.

Kadi ya picha inategemea unachofanya baada ya kukata. Kama unapaka rangi kwa kina na kusafisha chengachenga za picha ndani ya programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, RTX 5070 Ti yenye GB 16 itakulipa, japo inakula wati 300. Kama kazi kubwa ni kukata mahojiano, kupanga sauti na kuweka maandishi, RTX 5060 Ti ya GB 16 inavuta wati 180 tu na utaisahau kama ipo. Yoyote utakayochagua, chukua toleo lenye pezi nene (mabati ya kuondoa joto) na feni zinazosimama kabisa kazi ikiwa nyepesi. Pesa ya taa za rangi peleka kwenye ukubwa wa pezi.

Sasa hiyo kesi ya sifongo. Niliwahi kujiundia moja hivyo hivyo: mlango mzito mbele, sifongo pande zote. Siku ya kwanza nilipoanza kutoa video ndefu, ilivuma kuliko ile ya zamani. Nikafungua ubavu wa kesi, na baada ya dakika chache kelele zikashuka. Joto lilikuwa limenaswa ndani, feni zikawa zinapambana na hewa ile ile ya moto. Tangu siku hiyo nachagua kesi yenye wavu mbele na nafasi ya feni za milimita 140. Kanuni yake iko wazi: ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, upepo unapungua nusu, lakini kelele zinashuka kwa takriban desibeli 15. Feni tatu kubwa zinazokwenda polepole, mbili zikivuta mbele na moja ikitoa nyuma, zinakushinda kuzisikia.

Kipoozeo cha maji kina pampu, na pampu haipumziki hata ukiwa unaandika barua pepe. Kwa wati 125, mnara wa pezi wenye feni za milimita 140, mfano wa Noctua NH-D15, unatosha na kubaki. Pima tu urefu wake dhidi ya upana wa kesi kabla hujalipa.

Kuna jambo watu hulisahau: sikio linasumbuliwa zaidi na kelele inayopanda na kushuka kuliko mvumo wa kudumu. Joto la prosesa huruka ghafla kila ukifungua klipu, na feni ikiufuata kila mruko utasikia vuu, kimya, vuu, siku nzima. Kwenye BIOS ipe feni ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla ya kubadili mwendo. Baada ya hapo utashangaa.

RAM weka GB 64, vipande viwili, kwa sababu vinne vya DDR5, aina ya RAM ya prosesa hii, mara nyingi hulazimisha kasi kushuka. Pawa saplai chukua wati 850 za daraja la Gold (lisilopoteza umeme mwingi) hata kama hazihitajiki zote. Ikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake, feni yake haina sababu ya kukimbia.

Mradi unaoufanyia kazi ukae kwenye SSD ya NVMe, hifadhi ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka. Diski ya kuzunguka (hard disk) usiiweke kabisa ndani ya kesi. Ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, na mtikisiko huo hupita kwenye skrubu, ukaingia kwenye bati la kesi, ukatoka kama mngurumo mzito ambao maikrofoni inaupenda. Kumbukumbu za zamani zihamishie kwenye hifadhi ya mtandao wa nyumbani, iliyo chumba kingine.

Ukishaiunganisha, iweke chini ya meza, upande wa nyuma wa maikrofoni. Anza kutoa video ndefu, subiri robo saa mpaka joto litulie, kisha rekodi dakika moja bila kusema neno. Vaa hedifoni, pandisha sauti, sikiliza. Ukisikia feni, shusha kikomo cha prosesa kwa wati 15 urudie.