Kupiga "St. Louis Blues" ya W. C. Handy bila kuiharibu

Ukishazoea bluzi (blues) ya vipimo 12, yaani mafungu 12 sawa ya mapigo, ni rahisi kudhani umeshazimaliza zote. "St. Louis Blues" ya mwaka 1914 itakukwamisha katikati, kwa sababu Handy, mtunzi Mmarekani, aliiunga kwa sehemu tatu: vipimo 12 vya G meja (vinarudiwa kwa ubeti wa pili), kisha 16 vya G maina, halafu 12 vingine vya G meja.

Anza na sehemu ya kwanza. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), kipimo kwa kipimo: G, C, G, G7, C, C, G, G, D7, D7, G, G. Mstari wa kwanza wa maneno unarudiwa, wa tatu unajibu. Kila mstari una vipimo vinne, lakini sauti inatumia kama viwili na nusu tu. Kilichobaki ni cha ala kuitikia. Waimbaji wengi huvuta neno la mwisho hadi wakaziba nafasi hiyo, na bluzi inageuka wimbo wa kawaida.

Noti ya B ndiyo yenye utamu. Usibaki kwenye B bemoli (nusu toni chini ya B) muda wote: igonge, kisha ivute ipande hadi B. Kwenye gitaa unasukuma uzi. Kwenye kinanda unagusa B bemoli haraka kabla ya B. Handy alikuwa mpiga korneti (ala inayofanana na tarumbeta) aliyesoma noti, na mwaka 1903 hivi, kwenye stesheni ya Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu akitelezesha kisu juu ya nyuzi za gitaa. Kuvuta huko ndiko alikojaribu kuandika.

Sehemu ya maina ndipo wengi wanapoharibu. Kodi ni Gm na D7 zaidi, ila mdundo ni habanera, wa dansi ya Cuba. Handy alikuwa ameshafika Cuba na bendi yake mwaka 1900. Gawa kipimo chenye mapigo mawili katika nane ndogo, kisha besi igonge ya 1, 4, 5 na 7. Ukiendelea na mdundo ule wa mwanzo, kurudi kwenye G meja hakutasikika kabisa.

Kwa kuitikia, msikilize Louis Armstrong kwa korneti akimjibu mwimbaji Bessie Smith katika rekodi ya 1925. Usiitumie kujifunzia habanera: harmoniamu (kinanda cha upepo) imeshikilia kodi ndefu, na mdundo karibu wote umeyeyuka.