Si dole lililomfunga

Swali la wiki: "Kati ya kesi za miaka ya karibuni zilizochambuliwa sana na wanasheria, ipi imekubadilisha wewe usiye mwanasheria?"

Kwangu ni kesi ya dole. Wengi mmeisikia: mkulima wa Kanada alituma emoji ya dole gumba kwenye simu, akaishia kuamriwa alipe dola za Kanada 82,000 na ushee. Hukumu ilipotoka Juni 2023 ilisambazwa kama kichekesho, na mimi nilicheka na wengine. Baadaye nikasoma uchambuzi wa mawakili, kisha hukumu yenyewe, na kicheko kikaniisha. Kilichomfunga yule bwana kilikuwa kimeandikwa miezi kadhaa kabla ya hilo dole.

Kisa kilianza Machi 2021, jimbo la Saskatchewan. Mnunuzi wa kampuni ya nafaka ya South West Terminal aliwatumia wakulima ujumbe kwamba anatafuta mbegu za kitani, dola 17 kwa busheli (kipimo cha nafaka), mzigo uletwe baada ya mavuno. Akazungumza na mkulima huyu kwa simu, akaandika mkataba wa tani zaidi ya 80, akautia sahihi, akaupiga picha na kuituma pamoja na maneno machache: tafadhali thibitisha mkataba wa kitani. Jibu likarudi, dole moja. Hakuna neno lingine.

Mavuno yakaja, mzigo haukuja. Kufikia Novemba busheli ile ile ilikuwa imefika dola 41. Chukua tofauti ya dola 24, izidishe kwa busheli zote, utaona zile dola 82,000 zilitoka wapi. Ndiyo hasara ya mnunuzi aliyeahidiwa mzigo kwa bei ya masika na kuukosa wakati bei imepaa.

Mkulima alijitetea kwamba dole lilimaanisha "nimeupata ujumbe wako", basi, na kwamba alikuwa akisubiri mkataba kamili wenye masharti yote ndipo aupitie na kuusaini. Nakiri utetezi huu uliniingia. Mimi mwenyewe nilikuwa natuma madole kumi kwa siku, na sidhani kama nusu yake yalimaanisha kukubali chochote.

Ila Jaji T. J. Keene hakuishia kwenye dole. Alirudi nyuma kwenye simu za watu hawa wawili. Kabla ya hapo walikuwa wameshauziana ngano mara kadhaa kwa mtindo huo huo: mnunuzi anatuma picha ya mkataba, anaomba uthibitisho, mkulima anajibu kwa mkato. Safari moja alijibu kwamba mambo yako sawa. Nyingine "ok". Nyingine "yup", ambayo ni "ndiyo" ya mtu asiyetaka kuchoka. Kila mara ngano ilifika na malipo yakafanyika, wala hakuna aliyesema kwamba ile "ok" ilikuwa ya kupokea tu. Sasa dole limekaa mahali pale pale ilipokuwa inakaa "ok". Mtu wa tatu mwenye akili timamu, anayejua mazoea ya hawa wawili, angelisomaje?

Hicho ndicho kipimo cha sheria ya mikataba huko, na kilikuwepo kabla ya simu. Haiulizwi ulikusudia nini moyoni. Moyo wa mtu ni msitu wa giza, na jaji hana tochi ya kuingilia humo. Anatazama ulichomwonyesha mwenzio.

Wakili wa mkulima alionya kwamba mahakama zitafurika kesi za kuuliza emoji ya kugonganisha ngumi ina maana gani, au ya kupeana mikono. Jaji hakutishika. Alisema mahakama haiwezi kuyazuia mawimbi ya teknolojia na matumizi ya watu. Mkulima akakata rufaa, na Desemba 2024 akashindwa tena, ingawa majaji hawakuwa kitu kimoja. Wawili walikubali kwamba dole lililotoka kwenye namba yake ya simu linatosha kuwa sahihi ambayo sheria iliitaka kwenye mkataba huo. Wa tatu alikataa. Kwa maoni yangu huyo wa tatu hakuwa na hoja nyepesi, maana sheria inapotaka sahihi inataka pia usimame kidogo ufikirie, na hakuna anayesimama kufikiria kabla ya kubonyeza dole. Lakini hata nikimpa yeye ushindi kwenye sahihi, swali la kama walikubaliana linabaki, na hapo sioni pa kumkwepeshea mkulima.

Wachambuzi wengi huitaja kesi hii pamoja na ile ya shirika la ndege la Air Canada ya Februari 2024. Roboti ya kujibu maswali kwenye tovuti ya shirika ilimwambia abiria aliyefiwa na bibi yake kwamba anaweza kukata tiketi kwanza, kisha aombe nafuu ya nauli ndani ya siku 90. Si kweli. Shirika likadai roboti ni kitu kinachojitegemea, kibebe makosa yake chenyewe. Baraza la madai la jimbo la British Columbia halikukubali, na abiria akalipwa. Sina la kuongeza hapo, zaidi ya kwamba ningependa kumwona aliyetunga utetezi ule akiusoma kwa sauti bila kucheka.

Sasa kilichonibadilisha. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Usiku mmoja mteja aliandika: "Iwe tayari Jumatatu, bei ile ile, na jalada humo humo." Jalada hatukuwahi kulizungumza. Nikatuma dole, maana yake nimeona, tutaongea kesho. Kesho yake nikasahau. Jumatatu akauliza jalada liko wapi. Nilitaka kumjia juu, nikapandisha mazungumzo yetu ili nimwonyeshe. Nikakuta dole la Machi, kazi ikafuata. Dole la Mei, kazi ikafuata. "Sawa" ya Juni, kazi ikafuata. Nikalitengeneza jalada bure, kimya kimya.

Tangu hapo dole nimelifuta kazini. Naandika "Nimepokea, nitasoma kesho", na nikikubali naandika ninachokikubali: kurasa ngapi, lini, jalada lipo au halipo. Wateja wawili wameshaniuliza kama nimenuna.