Miaka Minne ya Jumamosi, na Sikuwa na Picha Yake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: fundi anayejitafutia riziki peke yake hupata nini, na hutoa nini, akijiunga na wasanii wa mtaa wake? Mimi hupiga picha za watu hapa Kisumu. Studio yangu ni chumba kimoja karibu na soko la Kibuye: pazia la buluu, viti viwili, dirisha moja kubwa. Jibu langu linaanza na msiba.

Mwaka jana mchoraji mmoja wa kikundi chetu alifariki ghafla. Saa tatu usiku mdogo wake alipiga hodi kwangu akiomba picha ya marehemu, ile inayowekwa kwenye fremu kando ya jeneza na kwenye jalada la kijitabu cha mazishi. Huku kwetu picha hiyo ni jambo zito. Watu hutoka Siaya, Homa Bay na Nairobi, na kwa wengi wao huo ndio uso wa mwisho watakaoondoka nao. Nilifungua kompyuta bila wasiwasi, maana tulikuwa tumekaa na marehemu kila Jumamosi kwa miaka minne. Nikatafuta hadi saa nane. Nilipata mkono wake umeshika brashi. Nilipata bega lake pembeni mwa picha ya mtu mwingine, na kisogo chake akiwa ameinamia kazi. Uso mzima unaonitazama sikuwa nao. Ikabidi tukuze picha ya kitambulisho, nayo ikatoka kama imepigwa ndani ya ukungu. Ndiyo tuliyomzikia.

Kwenye kikundi niliingia nikitafuta wateja, hilo lazima niliseme. Tunakutana katika karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma huko Nyalenda: wachoraji watano, kijana anayechonga wanyama kwa vyuma chakavu, akina mama wawili wanaosuka vikapu na viti kwa mafunjo na gugumaji la ziwani, na mimi. Hatuna ofisi wala cheti. Kila mtu hutoa shilingi mia moja, nusu ya chai na nusu ya rangi.

Marehemu ndiye aliyenifundisha ngozi. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa mtu wa flashi: mulika uso, ngozi ing'ae, mteja alipe. Jumamosi moja niliwaonyesha picha ya harusi niliyojivunia. Marehemu akaishika, akaiinamisha kwenye mwanga, akaniuliza, "Dada, huyu bibi harusi mbona umempaka rangi moja kama mlango? Mashavuni ana wekundu. Hapa chini ya kidevu ana buluu, ya gauni la msimamizi wake. Hukuiona?" Sikuwa nimeiona. Akachukua kibao, akachanganya kahawia, nyekundu na tone la buluu, akanichorea shavu moja tu, bila jicho wala pua, na lilikuwa hai kuliko picha yangu nzima.

Wasiofanya kazi hii huenda hawajui kwamba kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso ukazama gizani. Ukijaza uso wake kwenye fremu yote, kamera huongeza mwanga na ngozi ikapauka. Enzi za filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi: kadi ambazo kampuni ya filamu ya Kodak ilizipelekea maabara za kusawazishia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na mashine za kuosha picha zikapangwa kwa kufuata ngozi yake. Mambo haya niliyajua kwa kichwa. Kuyaona kwenye shavu la mtu nilifundishwa Nyalenda. Siku hizi napima mwanga usoni kwenyewe, na flashi naitoa mara chache. Tena Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Ikifika saa nne asubuhi jua linamulika kutoka juu na macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili. Kwa hiyo mteja wa picha kubwa namwita saa moja, au namkalisha kwenye kivuli cha baraza, nikamtandikia shuka jeupe miguuni lirudishe mwanga chini ya kidevu.

Nami nilichokuwa nacho cha kuwapa ni picha za kazi zao. Walikuwa wakizipiga kwa simu, zimepinda, na vanishi inang'aa kama kioo. Mnunuzi aliyeko Nairobi hawezi kununua mng'ao. Niliwaonyesha kwamba kamera inasimama sawa na kitovu cha picha, lenzi ikitazamana nayo bila kuinama, na kwamba taa mbili zinakaa kushoto na kulia kwa pembe ya nyuzi 45 ili mng'ao uende kando usirudi kwenye lenzi. Pasipo na umeme, kivuli kilicho wazi kinatosha. Na kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi iwekwe kando, kusudi buluu ya ziwa isigeuke kijani ikifika kwa mnunuzi.

Mmoja wao alikataa kabisa nisimpigie kazi zake. Alikuwa na sababu: kuna mtu aliwahi kuchapisha mchoro wake kwenye kadi za salamu bila hata kumwambia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda mchoro kama inavyolinda picha, lakini mtu wa kuuza mchoro mmoja kwa mwezi ataanzaje kesi? Tulibishana Jumamosi tatu. Mwishowe tukakubaliana kwamba faili kubwa anakaa nayo mwenye kazi peke yake, na inayosambazwa kwenye simu ni ndogo, isiyochapika vizuri.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa langu. Nilimpa mchoraji picha ya mama muuza samaki niliyempiga studioni, naye akamchora, na mchoro ukaning'inizwa katika mkahawa mmoja mjini. Mama yule akapita hapo na beseni lake kichwani, akajiona. Akaja moja kwa moja kwangu: "Mwanangu, uso wangu umeuuza kwa nani?" Sikuwa na la kujibu, maana sikuwa nimemwomba ruhusa. Tulikwenda wawili kumwomba radhi. Akatusamehe kwa sharti moja, jina lake liandikwe chini ya mchoro, na liliandikwa. Tangu siku hiyo hakuna uso unaotoka studioni kwangu kwenda kwa mchoraji kabla mwenyewe hajaulizwa.

Baada ya mazishi tuliamua mambo mawili. La kwanza, kila mmoja wetu akae mbele ya dirisha langu apigwe picha yake, uso mzima, na ioshwe kwenye karatasi. Tulimaliza kwa wiki mbili. Akina mama wasusi walikuja na vikapu vyao magotini. Fundi wa karakana alikuja amevaa suti.

La pili lilikuwa zito. Tulitaka kuhesabu kazi za marehemu, tukakuta nyumbani kwake zimebaki tatu tu. Mtu amechora zaidi ya miaka 20! Lakini alikula kwa mabango: vichwa vya kinyozi vyenye mitindo na nambari, ng'ombe wa bucha, sahani za samaki na ugali kwenye kuta za hoteli ndogo, wanyama na herufi kwenye kuta za chekechea. Kazi hizo hazitiwi sahihi. Na kila mwezi moja inang'olewa, mahali pake panatundikwa bango la plastiki lililochapishwa kwa mashine, ambalo jua la Kisumu hulipausha kabla ya muda mrefu.

Nilikumbuka mambo mawili. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akipiga picha za watu wa mji wake, na ulimwengu ulikuja kumjua miaka ya 1990 kwa sababu negativu zake, zile filamu ambazo picha huoshwa kutokana nazo, zilikuwepo. Na yule mzee wangu wa flashi, alipofungiwa chumba kwa ajili ya kodi, masanduku yake ya negativu yalitolewa nje na kuchomwa pamoja na takataka. Harusi za Kisumu za miaka ya sabini na themanini ziliteketea asubuhi moja. Ndiyo maana kila tunachopiga sasa tunakihifadhi mara mbili, kwangu na kwa mwenzetu anayeishi Manyatta.

Basi Jumamosi tunazunguka kuyatafuta mabango ya marehemu na kuyapiga picha. Tunauliza vinyozi wa Kondele, tunauliza mabucha ya Obunga. Kinyozi mmoja alidhani tumekuja kununua bango lake, akakataa katakata. Alipoelewa, alileta ndoo na sabuni akaliosha mwenyewe kabla sijapiga, kisha akasimama kando yake bila kuambiwa. Hadi leo tumepata kumi na saba.

Tunazitambuaje bila sahihi? Kwa macho. Wachoraji wengi wa mabango huweka nukta nyeupe kwenye mboni, ili jicho liwe hai. Marehemu naye aliweka nukta zamani, tunaiona kwenye mabango yake ya kale. Lakini mabango yake ya miaka ya mwisho yana mraba mdogo mweupe, uliogawanywa kwa mstari mwembamba. Nilisimama mbele ya bango la tatu lenye mraba huo ndipo nikautambua: ni dirisha la studio yangu, lenye nondo yake ya katikati, jinsi linavyoonekana machoni pa kila mteja niliyempiga. Alikuwa akiziangalia picha zangu kila Jumamosi, na hakuniambia. Kwa hiyo sasa tunajua hata umri wa kazi zake. Yenye nukta ni ya kabla hatujajuana, yenye dirisha ni ya baadaye.

Jumamosi hii tunapanda matatu kwenda Ahero. Tumeambiwa kuna bucha yenye ng'ombe wake, na ukuta wa chekechea wenye twiga na simba, ambao utapakwa rangi upya shule zikifungwa. Aliyetuambia hakuangalia macho.