Mjomba amekuwa kibarua chini ya mikorosho yake

SWALI: Ninaishi Mbagala, lakini kwetu ni Newala. Nilipokuwa mdogo palizi ilifanywa kwa kualikana, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na mwenye shamba aliandaa ugali na togwa. Mwaka huu nimemkuta mjomba akiokota korosho kwa ujira wa jirani, chini ya mikorosho aliyoipanda yeye mwenyewe. Wazee wanamwita mvivu, vijana wanamlaumu jirani kwa tamaa. Ukweli ni upi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole. Mtu aliyepanda mikorosho ikakua hawezi kuitwa mvivu, na jirani naye namweka kando kwanza. Naitazama zaidi ile miezi inayotenganisha gharama na mapato. Mkorosho hudai fedha katikati ya mwaka, wakati wa kufyeka na kupuliza dawa ya salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, ilhali minada husubiri hadi karibu Oktoba. Hata pale serikali inapogawa pembejeo za ruzuku, bado kuna mafuta ya bomba la kupulizia, kuna vibarua, na kuna unga wa nyumbani. Mwenye duka, au mwenye mtoto Dar es Salaam anayetuma fedha, huvuka miezi hiyo salama. Asiye na kitu huuza kangomba: korosho zingali maua, naye ameshapokea bei ya mwenye fedha, na msimu ukifika zinapimwa kwa bakuli, si kwa mizani.

Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa mkulima kukabidhi korosho ghalani na kupewa risiti, iliyoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, ilikusudiwa kumwokoa mkulima huyo kwa kumuuzia korosho zake mnadani kupitia chama cha msingi cha ushirika, nami nauunga mkono mfumo huo. Lakini malipo yake huja baada ya mnada, na njaa ya Juni haisubiri. Deni likipita mavuno misimu miwili au mitatu, mikorosho yenyewe huwekwa rehani.

Kualikana nako kulidumu kwa sababu kazi ililipwa kwa kazi. Duka la pembejeo halipokei palizi. Aliyepata fedha akaanza kuajiri, na aliyekosa akaanza kuajiriwa, bila yeyote kutangaza kwamba desturi imekoma.

Sasa muulize mjomba kwa upole: aliuza, au aliweka rehani? Kama ni rehani, shamba bado ni lake, na hesabu ya deni iwekwe wazi mbele ya mashahidi. Kama ni mauzo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji. Ombeni kuona muhtasari wa kikao kilichoitoa. Mkibishana, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake.

Na kama humpelekea fedha kila Desemba uendapo likizo, mwakani mtumie mwezi Mei.